Haidroliki Ipi? Niliyojifunza Kwenye Kaunta ya Oili Mtaa wa Gerezani, Dar

"Dada, nipe haidroliki ya giaboksi." Ombi hilo, la oili ya giaboksi ya otomatiki, nalisikia kutwa, kutoka kwa fundi, kutoka kwa bodaboda aliyetumwa na fundi, na kutoka kwa mwenye gari aliyechoka kusubiri wote wawili. Mimi humuuliza: gari gani? "IST." Ya mwaka gani? "Namba D." Hapo ndipo kazi inapoanza. Herufi D kwenye namba ya usajili inanionyesha gari lilisajiliwa kipindi gani hapa Tanzania. Haisemi lilitoka kiwandani Japani mwaka gani, na wala haisemi limebeba giaboksi ya aina gani.

Mimi si fundi. Nilianza kukaa dukani kwa baba mdogo nikisubiri matokeo ya kidato cha nne, na mpaka leo sijaondoka. Giaboksi sijawahi kufungua kwa mikono yangu. Ila mtu wa kaunta huona jambo ambalo fundi mmoja mmoja halioni: najua nani kanunua oili gani, na miezi ikipita namwona yuleyule duka la pili akiulizia bei ya giaboksi nzima ya mtumba. Ukikaa muda wa kutosha unaanza kuunganisha mambo mwenyewe.

La kwanza kuunganisha lilikuwa hili: oili haichaguliwi kwa jina la gari. Inachaguliwa kwa giaboksi. Hiyo Toyota IST, kwa mfano. Za umbo la kwanza, za 2002 hadi 2007, zina giaboksi ya kawaida ya otomatiki yenye gia nne. Umbo lililofuata, kuanzia 2007, nyingi za injini ya lita moja na nusu zina CVT, ile ya mkanda wa chuma isiyo na gia za kuhesabu. Toyota Noah ndiyo inayotesa zaidi, kwa sababu umbo ni lile lile: za mwanzo wa toleo la 2001 zina gia nne, za mwishoni zina CVT, na ukiziegesha pamoja tofauti ya nje ni ndogo kwa asiyezijua. Nissan X-Trail ya zamani, ile ya boksi boksi, ni otomatiki ya gia nne; iliyofuata, kuanzia 2007, ya petroli ukiikuta otomatiki ni CVT. Mteja anakwambia "X-Trail" na anaona amemaliza.

Kwa hiyo siku hizi jibu la mwaka peke yake halinitoshi. Namwambia afungue boneti au mlango wa dereva atafute kibati. Kwenye Toyota kibati kina mstari ulioandikwa TRANS/AXLE, na mbele yake kuna herufi na tarakimu za giaboksi. Kwa hizi Toyota ndogo za miaka ya 2000 kuja huku, herufi ya giaboksi ikiwa K, hiyo ni CVT. Ikiwa U, ni otomatiki ya gia. Kama gari lina stiki ya oili ya giaboksi, mara nyingi aina ya oili imechongwa kwenye stiki yenyewe: T-IV, au jina jingine. Watu wameendesha gari miaka mitano bila kujua kwamba jibu limelala chini ya boneti muda wote huo.

Kwa nini aina iwe na uzito kiasi hicho? Oili ya injini kazi yake kubwa ni kulainisha na kubeba uchafu. Haidroliki ya giaboksi ya otomatiki inalainisha, ndiyo, lakini pia ndiyo inayosukuma. Pampu inaibana, bodi ya vali inaielekeza, na shinikizo lake ndilo linalokandamiza sahani za klachi mpaka gia ishike. Ndani ya torki konveta, ile ngoma iliyo kati ya injini na giaboksi, ndiyo inayopeleka nguvu za injini kwenye giaboksi. Na inatakiwa ipoze vyote hivyo ikipita kwenye rejeta. Halafu sahani zile za klachi zinafanya kazi zikiwa zimelowa hiyo oili. Zikishika kwa ghafla sana, gari linapiga teke kila likibadili gia. Zikichelewa kushika zinasagana, zinaungua, na oili inakuwa nyeusi. Kiwanda kinatia dawa ndani ya oili ili msuguano uwe kiasi kile hasa ambacho sahani zake zinataka. Ukibadili oili umebadili msuguano, hata kama kopo limeandikwa "otomatiki" kwa herufi kubwa.

Toyota walikuwa na oili za giaboksi za Type T, T-II, T-III, kisha T-IV, kisha WS. Wateja wengi wanaamini ya mwisho ndiyo bora, hivyo mwenye IST ya kwanza anadai WS kwa sababu "ni ya kisasa." Namweleza kwa mfano wa jikoni: T-IV na WS ni kama tui zito na tui jepesi. Yote meupe, yote ya nazi, na yote yana chungu chake. WS ilifanywa nyepesi makusudi ili giaboksi mpya zipunguze ulaji wa mafuta. Giaboksi ya zamani, yenye pampu na mianya iliyopimwa kwa oili nzito zaidi, na ambayo tayari imechakaa kidogo, ukiipa oili nyepesi shinikizo linapungua. Ukirudi upande wa pili, oili nzito kwenye giaboksi ya WS inafanya gia zichelewe, hasa asubuhi oili ikiwa bado ya baridi. Toyota wenyewe hawazichanganyi. Giaboksi nyingi za Toyota zinatengenezwa na Aisin, na ndiyo maana kwenye makopo ya kampuni nyingine utaona maandishi JWS 3309, ambayo ni jina la kiufundi la daraja la T-IV, na JWS 3324 kwa WS. Nilipoyajua maandishi hayo biashara yangu ilibadilika, kwa sababu niliweza kumuuzia mtu oili nzuri ya bei nafuu bila kumtegemea aliyechora lebo ya mbele.

Rangi nayo imeharibu watu. Haidroliki nyingi ni nyekundu kwa sababu imetiwa rangi, basi, ili ikivuja chini ya gari ujue si ya injini. T-IV ni nyekundu, WS ni nyekundu, Dexron ya General Motors wa Marekani ni nyekundu, na hata ya usukani nyekundu. Nimeona fundi anachovya kidole, anakitazama juani, anasema "ndiyo yenyewe hii." Hapana, kaka. Macho hayapimi msuguano. Rangi ina faida moja tu: kukuonyesha oili iliyomo ndani ya gari imefikia hali gani. Ikiwa imegeuka kahawia na inanuka kama kitu kilichoungua, klachi zimelika. Ikiwa ya pinki yenye maziwa maziwa, maji ya rejeta yameingia, na hapo usiendeshe hata kufika nyumbani.

Dexron ina hadithi ambayo huwa napenda kuisimulia duka likiwa limepoa. General Motors waliitoa miaka ya 1960, na dawa yake ya msuguano ilikuwa mafuta ya nyangumi. Kweli kabisa, nyangumi. Yalivumilia joto na yalifanya klachi zishike kwa ulaini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marekani ikayapiga marufuku, wakemia wakahangaika kutafuta mbadala, na ndipo matoleo ya namba yakaanza kufuatana: II, III, mpaka VI mwaka 2005. General Motors waliacha kutoa leseni ya Dexron III mwishoni mwa 2006. Maana yake kwetu huku ni kwamba kopo jipya lililoandikwa "Dexron III" leo limebeba neno la aliyelitengeneza tu; hakuna wa General Motors anayelikagua. Mengine ni mazuri, sikatai. Ila mtu ukikuta bei imeanguka mno, jiulize nani amethibitisha.

Na hiyo Dexron ndiyo chanzo cha mchanganyiko mkubwa mtaani. Usukani wa haidroliki wa magari mengi ya Kijapani unakubali Dexron bila shida, basi fundi ana dumu lake la Dexron gereji, amejaza usukani, kilichobaki anamalizia kwenye giaboksi. Mwanzoni mteja haoni kitu. Baada ya muda analeta malalamiko ya gari kutetemeka likiwa kwenye mwendo wa katikati, kama linapita juu ya mabati. Mara nyingi hiyo ni klachi ya ndani ya torki konveta inashika na kuachia, inashika na kuachia, kwa sababu oili haiipi msuguano inaoutaka.

CVT sina utani nayo. Ndani yake kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, chuma kwa chuma, na nguvu yote ya gari inapita kwenye huo mbano. Oili yake inatakiwa kulainisha lakini isiruhusu mkanda kuteleza. Haidroliki ya kawaida ilitengenezwa kwa ajili ya sahani za klachi; ukiiweka humo mkanda unateleza, unachora puli, na puli iliyochorwa hairudi kuwa laini. Toyota wana CVT za TC na za FE. Nissan wana NS-1, NS-2, NS-3, na X-Trail ile ya 2007 ni NS-2. Honda Fit za mwanzo ni HMMF, na zile Fit zinazotetemeka wakati wa kuondoka nyingi hutulia zikimwagwa oili ya kubahatisha na kuwekwa ile inayotakiwa. Kwa CVT nimekataa kuuza mara nyingi. Mteja ananiambia, "Dada, we niuzie tu, lawama zangu." Namwambia lawama ni zako lakini nitakuja kusalimiwa mimi.

Kuna imani kwamba giaboksi ikikaa muda mrefu bila kubadilishwa oili usiiguse, ukibadilisha inakufa. Nilikuwa naiona ni uvivu wa mafundi mpaka mzee mmoja wa magiaboksi, wa kizazi cha kina Peugeot 504, aliponieleza. Giaboksi ambayo klachi zake zimeisha, alisema, imebaki inashika kwa msaada wa ule unga wa klachi unaoogelea kwenye oili chafu. Ukiumwaga ukaweka oili safi, hakuna tena kinachoshika. Gari lilikuwa limekufa. Oili mpya imetangaza tu msiba. Kwa hiyo kama gia tayari zinateleza na oili inanuka, mimi simuuzii mtu matumaini. Lakini kama gari linabadili gia vizuri na oili imezeeka tu, kubadilisha ni salama. Vuta stiki, dondosha oili kidogo kwenye karatasi nyeupe, acha itandae. Ikiwa na wekundu bado, hata uliofifia, una nafasi.

Na usimwage yote kwa nguvu ya mashine kwa mara ya kwanza kama hujui historia ya gari. Ukifungua nati ya sampo, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, haitoki oili yote; sehemu kubwa inabaki ndani ya konveta na kwenye mabomba. Gari dogo linaweza kutoa lita tatu hivi kati ya sita au zaidi zilizomo. Wateja wangu wanaotunza magari wanabadilisha kidogo kidogo: wanamwaga hizo tatu, wanarudisha tatu, wanaendesha wiki kadhaa, wanarudia. Mara mojawapo wanashusha sampo yenyewe, wanabadili chujio na gaskiti, na wanafuta sumaku zilizoko chini. Tope laini la kijivu kwenye sumaku ni la kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si vya kawaida. Mwambie fundi akupimie oili iliyotoka kwenye ndoo, na arudishe kiasi hicho hicho. Ni njia ya kishamba lakini inaokoa ugomvi.

Kuhusu lini ubadilishe, baadhi ya viwanda vinasema oili hiyo ni ya maisha yote ya giaboksi. Maisha ya nani? Ukisoma vitabu vya gari vizuri utakuta sehemu ya matumizi magumu: foleni, joto, kubeba mzigo, milima. Hiyo siyo hali ya pekee kwetu, hiyo ni Jumatatu ya kawaida. Gari linalotoka Mbagala kwenda mjini saa kumi na mbili asubuhi liko kwenye D, breki imekanyagwa, konveta inakoroga oili bila upepo wa kupoza rejeta. Na wanaopanda mlima wa Kitonga na familia nzima na mizigo wanajua moshi na harufu ya pale. Joto ndilo linaloua haidroliki kuliko kilomita. Kwa gari la foleni mimi nasema kila kilomita 40,000, na gari la mtumba lililotoka bandarini ambalo hujui lilihudumiwaje, lianzie leo. Kilomita za dashibodi yake ni za kuaminiana tu.

Kupima ujazo nako kuna vurugu zake. Fundi anayepima haidroliki kama oili ya injini, gari limezimwa, anapata kipimo cha uongo. Kwa Toyota yenye stiki gari linapashwa moto kwanza, liko sehemu tambarare, injini inanguruma, breki ya mkono imevutwa, unapitisha gia zote taratibu kisha unarudi P, na unavuta stiki injini ikiwa bado inanguruma. Soma alama za HOT. Honda nyingi wao wanataka uzime kwanza halafu upime mara moja, kabla oili haijatulia. Giaboksi nyingi za WS hazina stiki kabisa. Zinapimwa kwa nati maalumu chini ya gari, oili ikiwa na joto la kama nyuzi 40, ile inayozidi inadondoka yenyewe. Kazi hiyo inataka kifaa cha kusoma joto na fundi asiye na haraka. Kuzidisha nako ni kosa: oili ikigusa vinavyozunguka inatoa povu, na povu halisukumi klachi. Na kitu kimoja ambacho madereva hawakipendi: giaboksi haili oili. Injini inaweza kuila, giaboksi haiwezi. Ikipungua, inavuja, tafuta wapi, badala ya kuja kwangu kila mwezi na chupa ya nusu lita.

Wenye gia za mkono wanafikiri haya hayawahusu. Kwao kuna madaraja ya oili ya gia, GL-4 na GL-5, na watu huchukua tano kwa kuwa ni kubwa kuliko nne. GL-5 ina dawa nyingi zaidi za kukinga meno ya difu, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu, ambayo yanasagana kwa mgandamizo mkali. Dawa hizo zina salfa, na baadhi ya michanganyiko hula zile ringi za shaba ya njano zinazosaidia gia kuingia. Tena zinateleza mno, ringi zinashindwa kushika, gia inalia ukiingiza. Difu mpe GL-5. Giaboksi ifuate kitabu, na vitabu vingi vinataka GL-4, vingine vinakubali zote mbili. Na namba 75W-90 kwenye kopo la oili ya gia isikutishe ukaona ni nzito mara mbili ya 40 ya injini. Vipimo vya oili ya gia vina ngazi zake. 90 ya gia kwa uzito inakaribiana na 40 au 50 ya injini.

Limebaki la makopo. Vijana wanaokusanya makopo matupu hupita hapa kila siku, na kopo lenye kifuniko kizima na lebo isiyochanika wanalinunua kwa bei ya juu kuliko plastiki ya kawaida. Linakwenda kujazwa oili feki, sihitaji kueleza zaidi. Dukani kwetu tunatoboa kila kopo tupu kwa msumari, pembeni na chini, na tunachana lebo. Ukibadilishia oili gereji, fungua kopo wewe mwenyewe, angalia kama ile karatasi ya ndani ya kifuniko haijaguswa, na ukimaliza ondoka na makopo yako yote, hata kama fundi atanuna.